TAHARIRI: Kabla hujajidunga homoni za jimu, pima ini kwanza

Saratani ya ini haiwashiki wanaume na wanawake kwa kiwango sawa. Kwa kila mwanamke mmoja anayeugua, kuna wanaume wawili, watatu, na katika baadhi ya nchi hata wanne. Iko hivyo Asia, iko hivyo Ulaya, na iko hivyo huku kwetu Afrika. Mwaka wa 2022 pekee ugonjwa huu uliua takriban watu 758,000 duniani, wengi wao wanaume.

Mtaani jibu huwa tayari: si ni juu ya pombe? Wanaume ndio wanakunywa! Kuna ukweli hapo, na hatutaki mtu atoke kwenye ukurasa huu akidhani tumeitakasa chang'aa. Pombe huchakaza ini, na sigara nayo ina mchango wake. Lakini hata ukiondoa pombe na sigara kwenye hesabu, pengo halizibiki. Ukitaka ushahidi, angalia panya. Panya wa maabara hanywi keg, havuti sigara, wala hana stresi za kutafuta kazi. Bado panya dume hupata saratani ya ini kuliko panya jike.

Hapo ndipo homoni zinapoingia. Na hapo ndipo habari hii inapowahusu vijana wa mjini, hasa wale wanaotoa pesa mfukoni kununua homoni ili kifua kijae na mikono itune kabla ya Desemba.

Tuanze na ini lenyewe. Kwa mtu mzima lina uzani wa takriban kilo moja na nusu, na limejificha chini ya mbavu za kulia. Waswahili walilipa heshima yake tangu zamani. Maneno makali hadi leo tunasema yanakata maini. Ini huondoa sumu kwenye damu, hutengeneza nyongo, huweka akiba ya sukari na, jambo ambalo wengi hawalijui, ndilo huvunjavunja homoni zilizokwisha kufanya kazi yake. Ndiyo maana mwanamume ambaye ini lake limesinyaa na kujaa makovu anaweza kuanza kuota matiti. Estrojeni, ambayo kila mwanamume anayo kidogo, haiondolewi vizuri tena, huku testosteroni yake ikishuka.

Tabia mbaya ya ini ni moja: haliumi mapema. Linaweza kuharibika nusu nzima na mwenyewe bado anapiga kazi, anacheza mpira, anapanga harusi. Akianza kuhisi uvimbe upande wa kulia, macho yakawa ya manjano na tumbo likajaa maji, mara nyingi daktari hana mengi ya kumfanyia.

Sasa homoni. Huu ni ujumbe wa kemikali. Tezi huutoa, damu huusafirisha, na seli yenye kipokezi chake huupokea. Testosteroni ikifika ndani ya seli ya ini hushikana na kipokezi, kisha wawili hao huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni fulani au kuzima nyingine. Estrojeni nayo ina vipokezi vyake humo humo. Kwa hivyo ini la mwanamume na la mwanamke, ingawa ukiyaweka mezani huwezi kuyatofautisha, hayafanyi kazi kwa namna moja.

Mwaka wa 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha katika jarida la Science matokeo ambayo yangali yanazungumziwa. Waliwadunga panya kemikali inayosababisha saratani ya ini. Karibu madume wote waliugua. Kwa majike, waliougua walikuwa asilimia 10 hadi 30 tu. Kemikali ilikuwa ile ile.

Watafiti hao walipochimba zaidi walikuta chanzo kwa askari. Ndani ya ini kuna seli za ulinzi zinazoitwa seli za Kupffer. Seli za ini zinapokufa kwa sumu, askari hawa hupiga kengele kwa kutoa protini inayoitwa interleukini-6. Kengele ikilia kidogo, ini hujitengeneza upya. Ikilia bila kukoma, seli huendelea kugawanyika katikati ya uharibifu, na makosa hujazana hadi uvimbe unaanza. Walichogundua ni kwamba estrojeni hupunguza sauti ya kengele hiyo. Madume walipopewa estrojeni, interleukini-6 ilishuka kwenye damu yao. Na kwa panya waliozaliwa bila jeni ya kutengeneza protini hiyo, ile tofauti kati ya dume na jike ilitoweka.

Utasema binadamu si panya. Sawa. Twende Taiwan, kisiwa ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na maambukizi mengi sana ya virusi vya hepatitisi B, ile homa ya ini inayoenea kupitia damu, ngono na kutoka kwa mama hadi mtoto. Watafiti huko walichukua damu ya wanaume 9,691 na kuwafuatilia kati ya 1984 na 1990. Wale ambao testosteroni yao ilikuwa katika theluthi ya juu walikuwa na hatari ya saratani ya ini takriban mara nne ya wenzao wa chini. Waliougua katika kipindi hicho walikuwa 35 pekee, kwa hivyo namba hiyo si ya kuiapia. Lakini imepata maelezo baadaye, na maelezo yenyewe yanatisha.

Virusi vya hepatitisi B vina sehemu katika jeni zao ambapo kipokezi cha testosteroni hutua na kukaa sawasawa, kama ufunguo kwenye kufuli. Kikitua hapo, virusi huzaana zaidi. Na virusi navyo hulipa fadhila: vina protini yao, iitwayo X, ambayo hukiongezea kipokezi hicho nguvu. Yaani testosteroni inavisaidia virusi, virusi vinaisaidia testosteroni, na ini liko katikati.

Wingi wa virusi si jambo dogo. Utafiti mwingine wa Taiwan uliwafuatilia watu 3,653 wenye hepatitisi B kwa zaidi ya miaka 11. Kati ya wale ambao virusi vyao vilikuwa vichache kiasi cha kutoonekana vizuri, waliopata saratani ya ini walikuwa asilimia 1.3. Kati ya waliokuwa na virusi zaidi ya milioni moja kwa kila mililita ya damu, walikuwa karibu asilimia 15.

Hapa lazima tuseme jambo waziwazi, kwa sababu tunajua jinsi habari za afya zinavyogeuzwa zikifika kwenye magrupu ya WhatsApp. Testosteroni si kiberiti. Kila kijana wa kiume anayo tele, na wengi wetu tutazeeka bila kuijua saratani ya ini. Testosteroni ni petroli. Petroli ikiwa ndani ya mtungi mahali pakavu haina neno. Swali ni nani amewasha moto hapo karibu.

Kenya ina viberiti vitatu ambavyo kijana anapaswa kuvijua, na cha kwanza ni hicho hicho hepatitisi B.

Chanjo yake iliingizwa kwenye ratiba ya watoto wachanga humu nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndani ya ile sindano ya pentavalenti inayodungwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Piga hesabu. Kama ulizaliwa miaka ya tisini, kuna uwezekano mkubwa kwamba hukuchanjwa ukiwa mtoto, na huenda hakuna aliyewahi kukuambia. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvifukuza virusi wenyewe. Chini ya 5 kwa kila 100 ndio hubaki navyo. Lakini mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa au akiwa na miezi michache, 9 kati ya 10 hubaki navyo maisha yote. Anakua navyo, anaingia shule navyo, anabalehe, testosteroni inapanda, na yeye hajui kitu.

Matokeo yanaonekana kwenye umri. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulikusanya rekodi za wagonjwa wa saratani ya ini zaidi ya 2,500 kutoka nchi 9 za Afrika, zikiwemo jirani zetu Tanzania na Uganda. Misri, ambako chanzo kikuu kilikuwa hepatitisi C inayokuja ukubwani, umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 58. Katika nchi hizo nyingine, ambako hepatitisi B ndiyo ilitawala, ulikuwa miaka 46. Huyo si babu. Huyo ni mtu ambaye mtoto wake wa kwanza ndio anaingia sekondari. Na nje ya Misri nusu ya wagonjwa hawakumaliza miezi miwili na nusu baada ya ugonjwa kutambuliwa.

Kiberiti cha pili kiko jikoni. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Tunaukumbuka mwaka ule kwa sababu vifo vilikuja kwa mpigo. Lakini sumu hiyo ina njia nyingine ya polepole: kidogo kwenye ugali wa leo, kidogo kwenye njugu za kesho, miaka ishirini. Haiui mtu haraka. Inaharibu jeni za seli za ini, hasa jeni moja ambayo kazi yake ni kuzuia seli kugawanyika ovyo.

Kule Shanghai, Uchina, watafiti waliwafuatilia wanaume 18,244. Aliyekutwa na dalili za aflatoksini mwilini peke yake alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi. Mwenye hepatitisi B peke yake, mara 7. Aliyekuwa na vyote viwili, mara 59. Rudia kusoma hiyo namba. Haya mambo hayajumlishwi, yanazidishana. Na kumbuka utafiti huo ulikuwa wa wanaume watupu, yaani petroli tayari ilikuwamo ndani ya kila mmoja wao.

Cha tatu ni kitambi. Hapa tutapita haraka kwa sababu mengi yamesemwa, lakini nacho ni suala la homoni. Insulini, homoni ya kusimamia sukari, ni homoni ya ukuaji pia. Mwenye mafuta mengi tumboni mara nyingi mwili wake huacha kuisikia insulini vizuri, basi kongosho hutoa nyingi zaidi, na ini ndilo la kwanza kuipokea. Wenye kisukari cha aina ya pili wana hatari ya saratani ya ini takriban mara mbili hadi tatu ya wengine. Halafu mafuta yenyewe hutoa homoni nyingine inayoitwa adiponektini, ambayo hulikinga ini. Watafiti wa Madrid, Uhispania, walionyesha mwaka wa 2019 kwamba wanawake wana adiponektini nyingi kuliko wanaume, na kwamba testosteroni ndiyo huibana isitoke. Kwa hivyo bro mwenye kitambi anapigwa kutoka pande mbili.

Sasa tuingie jimu.

Hatuna shida na kupiga chuma. Mazoezi hupunguza mafuta ya ini na ni moja ya mambo mazuri zaidi ambayo vijana wa miji yetu wameanza kuyachukulia kwa uzito. Shida ni ile chupa ndogo inayotolewa kwenye begi baada ya mazoezi, na yule kocha anayekuambia kwamba bila hiyo utapiga chuma miaka mitano na bado T-shirt itakuning'inia.

Steroidi za kujenga misuli ni testosteroni au nakala zake zilizobadilishwa kidogo maabarani. Zipo kwa sababu nzuri: kuna wanaume ambao miili yao haitoi testosteroni ya kutosha, na daktari akiwapima damu na kuwaandikia kipimo sahihi, hiyo ni tiba. Tunachosema hapa hakiwahusu hao. Kinamhusu kijana mzima wa miaka 23 anayejidunga dozi ambazo zinaweza kuwa mara 10 hadi 100 ya zile za hospitali, bila kipimo chochote cha damu, kwa maelekezo ya mtu aliyeona video.

Hatari kwa ini inajulikana tangu miaka ya 1970, pale madaktari walipoanza kuona uvimbe wa ini kwa wagonjwa wa upungufu wa damu waliokuwa wakitibiwa kwa steroidi hizi kwa muda mrefu. Vidonge ndivyo vibaya zaidi. Testosteroni ya kawaida ikimezwa huvunjwa na ini kabla haijafika popote, kwa hivyo watengenezaji waliibadilisha ili ini lishindwe kuivunja upesi. Fikiria hilo kidogo: ni dawa iliyoundwa makusudi ili ini lako lisiiweze. Baadhi ya wanaozitumia huota mifuko ya damu ndani ya ini, ambayo ikipasuka mtu anaweza kufa kwa kuvuja damu tumboni. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, WHO, limeziweka steroidi hizi katika kundi la 2A, yaani vitu ambavyo inaelekea husababisha saratani kwa binadamu.

Sasa unganisha na yale ya Taiwan. Kijana ana hepatitisi B tangu utotoni na hajui. Virusi vyake vina kufuli, na ufunguo wake ni testosteroni. Yeye anajaza damu yake funguo, tena kwa pesa yake. Na kama sindano inapita kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine kwenye chumba cha kubadilishia nguo, basi hata asiye na virusi anaweza kuondoka navyo pamoja na misuli yake mipya. Kiberiti na petroli kwenye sindano moja.

Hatumlaumu kijana peke yake. Biashara hii inaendeshwa na watu wazima wenye maduka, wenye jimu na wenye kurasa za mitandaoni zenye wafuasi maelfu. Testosteroni ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Bodi ya Famasia na Sumu, PPB, ina mamlaka ya kukagua dawa zinauzwa wapi na nani, na kukagua kemisti peke yake hakutoshi ikiwa mzigo unauzwa kwenye vyumba vya mazoezi na kuletwa na mtu wa boda.

Na wasichana je? Ile habari ya estrojeni kupunguza kengele isimpe mtu amani ya uongo. Wanawake nao huugua saratani ya ini, na wakishakoma hedhi na estrojeni kushuka, pengo kati yao na wanaume huanza kupungua. Mama mwenye hepatitisi B ana sababu zote za kufuatiliwa kama baba.

Kuna swali lingine ambalo wasomaji wa kike watakuwa nalo tayari: vipi kuhusu vidonge vya kupanga uzazi? Tujibu bila kupindisha. Mwaka wa 1973 madaktari Marekani waliripoti uvimbe wa ini usio saratani, unaoitwa adenoma, kwa wanawake waliomeza vidonge hivyo. Vidonge vya enzi hizo vilikuwa na homoni nyingi kuliko vya leo, na hata hivyo uvimbe huo ni nadra, wanawake wachache kwa kila 100,000 waliovitumia miaka mingi. IARC inavitambua vidonge vyenye estrojeni na projestojeni kuwa vinaweza kuongeza saratani chache, ikiwemo ya ini, na wakati huo huo inakubali kwamba vinapunguza saratani ya mayai ya uzazi na ya ukuta wa mji wa mimba. P2 ni kitu kingine. Haina estrojeni, na uamuzi huo hauihusu. Mwenye uvimbe wa ini au ini lililojaa makovu asitumie vidonge vya homoni mbili, na anapaswa kumwambia muuguzi wake ili apewe njia nyingine. Lakini kubeba virusi vya hepatitisi B bila ini kuharibika si sababu ya kunyimwa vidonge. Kwa msichana mwenye afya, kuacha uzazi wa mpango kwa kuogopa saratani ya ini ni kukimbia mvua na kuingia mtoni.

Kuna wajanja watakaosoma haya yote na kuona biashara. Kama homoni ndizo shida, si tuuze chai ya kusawazisha homoni? Tayari ziko, zinatangazwa TikTok kila usiku pamoja na dawa za kusafisha ini. Wajue kwamba wataalamu walishajaribu njia ya mkato, tena kwa dawa halisi. Tamoksifeni, dawa inayozuia kazi ya estrojeni na ambayo imeokoa wanawake wengi wenye saratani ya matiti, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya ini. Italia waliijaribu kwa karibu wagonjwa 500 na kutangaza matokeo mwaka wa 1998: haikuongeza hata mwezi mmoja wa maana. Mwaka wa 2002 matokeo ya nchi kadhaa za Asia na Pasifiki yalikuwa mabaya zaidi. Kadiri dozi ilivyopanda ndivyo wagonjwa walivyokufa upesi. Dawa za kuzuia testosteroni zilijaribiwa pia, nazo hazikufua dafu.

Sababu ni kwamba saratani ikishakomaa huwa imejitafutia njia nyingine za kujilisha, na petroli haina kazi tena moto ukishashika nyumba nzima. Vilevile homoni haifanyi kazi peke yake. Mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliwaondolea panya protini mbili tu za ini, Foxa1 na Foxa2, na mambo yakapinduka: majike ndio wakaugua zaidi na madume wakapona. Homoni ile ile, matokeo kinyume. Basi mtu akikuambia kwamba majani yake yatasawazisha homoni zako na kulikinga ini, muulize ameyapima kwa nani. Baadhi ya mitishamba inayouzwa bila vipimo imelaza watu hospitalini kwa ini hilo hilo inalodai kulisafisha.

Kinachofanya kazi kinajulikana, na hakina mvuto wa TikTok. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya hepatitisi B mwaka wa 1984, nchi ya kwanza kufanya hivyo kitaifa. Saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa 0.70 kwa kila 100,000 kabla ya hapo; kufikia miaka ya 1990 hadi 1994 ilikuwa imeshuka hadi 0.36. Na ukitazama jinsia, wavulana ndio walionufaika zaidi. Hakuna aliyegusa homoni zao. Waliondolewa kiberiti tu.

Kwa mtu mzima ambaye tayari ana virusi, tenofovir hupunguza wingi wao na kupunguza hatari ya saratani. Ndiyo, ni ile ile iliyomo kwenye ARV na kwenye PrEP. Iko nchini, wauguzi wanaijua, inatolewa kila siku katika kliniki za HIV kutoka Mombasa hadi Busia. Lakini huwezi kupewa dawa ya ugonjwa ambao hujapimwa.

Na hapo ndipo tunapotaka serikali na kaunti zijibu. Kijana akiingia kituo cha afya cha umma leo akitaka kupimwa HIV, anapimwa bure, anapewa ushauri na anaelekezwa mbele. Mpango ule ulijengwa kwa miaka mingi na umeokoa maisha. Hepatitisi B hupimwa kwa tone la damu kutoka kidole hicho hicho, kwa kifaa kidogo kinachofanana na kile. Tunataka vipimo hivyo viwili vifanywe pamoja, bure, katika kila kituo kinachopima HIV, na atakayekutwa hana virusi wala kinga achanjwe siku hiyo hiyo bila kuambiwa aende akanunue sindano kwa kemisti. Vyuo vikuu na vya kiufundi ndiyo mahali pa kuanzia, kwa sababu huko ndiko waliko maelfu ya waliozaliwa kabla ya chanjo kuenea, na huko ndiko jimu zimejaa.

Wenye jimu nao wanaweza kufanya jambo kabla ya kungoja sheria. Fomu ya kujiandikisha huuliza uzani, urefu na kama una shida ya moyo. Kuongeza swali moja, umewahi kupimwa hepatitisi B, hakugharimu chochote.

Wewe unayesoma hii, chanjo ya mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Uliza kwanza upimwe. Kama una virusi, chanjo haitakusaidia, lakini kliniki itakusaidia. Na umwambie mama yako, ndugu zako na mpenzi wako wapimwe pia, kwa sababu virusi hivi hutembea ndani ya familia na kitandani. Ile sindano nyingine, ya kwenye begi la kocha, iache huko huko kwenye begi.